Mtazamaji Atasimama Wapi? Mwongozo Kamili wa Kuandaa Picha kwa Simu, Karatasi, Ukuta na Bango

Faili moja la picha likifunguliwa kwenye simu, likasafishwa (yaani likachapwa) kwa saizi ya posikadi, sentimita 10 kwa 15, likatundikwa sebuleni kwa upana wa mita moja, kisha likachapwa kwenye bango la barabarani, kila mtazamaji ataona picha tofauti. Rangi zitakuwa zimebadilika, lakini yatakayokuwa yamebadilika zaidi ni mambo ambayo wapiga picha wengi hudhani yalikwisha kuamuliwa na kamera: kina cha mandhari, umbo la uso, ukali wa picha, na hata kitu ambacho jicho hukiona kwanza. Msimamo wangu katika mwongozo huu ni kwamba swali la kuanzia halihusu idadi ya megapikseli wala aina ya karatasi, bali mahali atakaposimama mtazamaji. Jibu la swali hilo likishapatikana, ukubwa, pikseli, kontrasti na karatasi huamuliwa kwa mahesabu ambayo yeyote mwenye futi kamba na kikokotoo anaweza kuyafanya.

Nitatumia picha mbili za mfano. Ya kwanza ni mandhari ya kreta ya Ngorongoro, iliyopigwa kutoka ukingoni kwa lenzi pana ya milimita 24. Ya pili ni uso wa bibi mzee, uliopigwa wima kwa lenzi ya milimita 85. Zote zimetoka kwenye kamera ambayo kihisio chake, yaani kipande cha ndani kinachopokea mwanga, kina milimita 36 kwa 24, na kila moja ina pikseli 6,000 kwa 4,000.

Hatua ya kwanza: pima umbali kabla ya kufungua programu

Nenda mahali picha itakapokaa, simama pale watu watakaposimama au kukaa, na uandike namba tatu: umbali wa karibu kabisa ambao mtu anaweza kuufikia, umbali wa kawaida, na umbali wa mbali zaidi ambao picha bado inatakiwa kueleweka. Katika sebule nyingi umbali wa kawaida ni ule wa kutoka kwenye kochi hadi ukuta wa pili, yaani mita 2 hadi 3, ilhali umbali wa karibu ni sentimita 50 za mgeni anayesimama na kusogeza uso ili amtambue mtu fulani. Ukumbi mwembamba wa hoteli hauruhusu mtu kurudi nyuma zaidi ya mita 1.2. Simu hushikwa umbali wa sentimita 30 hivi, na albamu karibu hapo hapo, ingawa mtu aliyevuka miaka 40 na asiye na miwani ya kusomea ataisukuma albamu mbali zaidi, kwa sababu lenzi ya jicho lake haijikunji tena kama zamani. Ukiwaandalia wazee albamu, wasafishie picha za sentimita 13 kwa 18 badala ya 10 kwa 15. Tofauti hiyo ndogo huwapa nafasi ya kusogeza albamu mbali bila kuzipoteza nyuso.

Ukitaka kuona kazi iliyozingatia umbali, itazame picha ya Rais inayotundikwa katika ofisi na maduka ya Tanzania na Kenya. Hukaa juu, nyuma ya meza, na mtazamaji huwa mita 3 au zaidi kutoka hapo. Ina uso mmoja unaochukua sehemu kubwa ya fremu na nyuma yake pametulia, wala hakuna kitu kidogo kinachomlazimu mtu kusogea ili kuielewa.

Hatua ya pili: chagua ukubwa unaolingana na umbali na lenzi

Jicho halipimi picha kwa sentimita, bali kwa pembe ambayo picha imeijaza mbele yake. Picha yenye upana wa mita 1 iliyo umbali wa mita 3 hujaza pembe ileile ya picha ya sentimita 10 iliyoshikwa umbali wa sentimita 30. Kwa hiyo mtu anayedhani ameagiza picha kubwa ya sebuleni, akiitazama kutoka kwenye kochi, huona kitu kisichozidi sana kile alichokiona kwenye simu yake.

Kanuni ya kuanzia ni hii: umbali mzuri wa kutazama hulingana na ulalo wa picha, yaani mstari unaotoka pembe moja hadi pembe iliyo mkabala nayo, au hufika mara moja na nusu hadi mara mbili ya ulalo huo. Kama kochi liko mita 2 kutoka ukutani, picha yenye ulalo wa mita 1 hadi 1.3 itakaa vizuri, na saizi ya sentimita 60 kwa 90 yenye ulalo wa sentimita 108 ni mahali pazuri pa kuanzia. Wengi huagiza nusu ya hapo kwa sababu dukani waliishika mkononi na kuiona kubwa.

Lenzi iliyotumika nayo ina sauti katika jambo hili. Kila picha ina umbali mmoja ambao vitu vyake hulifikia jicho kwa pembe zilezile zilizoingia kwenye kamera. Umbali huo, nitakaouita umbali halisi wa picha, hupatikana kwa kuchukua milimita za lenzi na kuzizidisha kwa kiasi ambacho picha imekuzwa kutoka kwenye kihisio. Picha ya sentimita 45 kwa 30 imekuzwa mara 12.5. Ikiwa ilipigwa kwa lenzi ya milimita 50, umbali wake ni sentimita 62.5, ambao haupishani sana na ulalo wake wa sentimita 54, na hiyo ndiyo sababu lenzi ya milimita 50 husifiwa kwa kuonyesha mambo jinsi yalivyo. Ikiwa ilipigwa kwa lenzi ya milimita 24, umbali unashuka hadi sentimita 30. Kwa lenzi ya milimita 200, unapanda hadi mita 2.5.

Watazamaji, hata hivyo, hawafuati umbali huo. Emily Cooper, Elise Piazza na Martin Banks wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walionyesha mwaka 2012 kwamba watu huchagua mahali pa kusimama kwa kufuata ukubwa wa picha, bila kujali lenzi iliyotumika. Matokeo yake ni kwamba picha ya lenzi pana karibu kila mara hutazamwa kutoka mbali mno, na picha ya lenzi ndefu kutoka karibu mno. Ile ya kwanza huonekana kama imevutwa, vitu vya nyuma vikakimbilia mbali na nyuso za pembeni zikapanuka. Ya pili huonekana imebanwa, kana kwamba milima imesogezwa hadi mgongoni mwa mtu aliyesimama mbele. Lawama huelekezwa kwenye lenzi, ilhali sehemu kubwa ya tatizo imo katika umbali kati ya jicho na karatasi.

Sasa turudi kwenye mifano yetu. Picha ya Ngorongoro ikionyeshwa kwenye simu iliyolazwa hupata upana wa sentimita 10.5 hivi, nayo ilipaswa kutazamwa kutoka sentimita 7, umbali ambao jicho la mtu mzima haliwezi kulenga. Kreta yenye upana wa kilomita 19 hivi na kina cha takriban mita 600 hugeuka sahani iliyo mbali, na mpiga picha hujiuliza ule ukubwa uliomshangaza pale ukingoni umepotelea wapi. Ukiisafisha kwa upana wa mita 2, umbali wake halisi unakuwa mita 1.33, mahali ambapo mtu anaweza kusimama kwa urahisi katika chumba cha kawaida. Kingo za kreta zinamzunguka mtazamaji hadi pembeni mwa macho, na kina kinarudi. Uso wa bibi hauhitaji msaada huo. Ukisafishwa kwa posikadi, umbali wake halisi ni sentimita 35, ambao ndio umbali wa albamu mkononi. Kwenye simu ni sentimita 25. Kwa saizi ya sentimita 40 kwa 60 ukutani ni mita 1.4. Ndiyo maana picha za nyuso zilizopigwa kwa lenzi za namna hii huhimili kuhamishwa kutoka simu hadi ukuta, ilhali mandhari za lenzi pana hupoteza sana.

Kwa hiyo, unapokuwa na nafasi moja tu kubwa ukutani, ipe picha ya lenzi pana. Na kama unajua kabla ya kupiga kwamba picha ya pamoja ya ukoo itaishia kwenye simu, rudi nyuma hatua kadhaa na utumie lenzi iliyo ndefu kidogo, ili shangazi aliyesimama pembeni asitoke amepanuka uso.

Jambo moja ambalo hesabu ya pembe hailigusi ni hisia za mwili. Ubongo unajua kwamba picha iko mkononi au iko ukutani, hata pembe zikiwa sawa. Uso wa mtu mzima, kutoka kidevuni hadi utosini, una urefu wa takriban sentimita 22. Ukichapwa kwa kimo hicho na kutundikwa usawa wa macho, mtazamaji huupokea kama mtu aliyepo, na watoto huzungumza nao. Ukikuzwa hadi mita moja na nusu hupata ukuu, lakini hupoteza ujirani. Kwa picha za wazazi na marehemu mimi hushauri kimo halisi, na sijaona saizi inayotulia nyumbani kuliko hiyo.

Hatua ya tatu: hesabu pikseli unazohitaji

Jicho lenye afya hutenganisha vitu viwili vilivyopishana kwa dakika moja ya pembe, yaani sehemu moja ya 60 ya digrii. Kwa umbali wa mita 1, hiyo ni milimita 0.29. Kutokana na kipimo hicho tunapata kanuni rahisi: gawanya 8,700 kwa umbali wa mtazamaji kwa sentimita, na jibu litakuwa pikseli zinazohitajika kwa kila inchi. Kwa sentimita 30 unapata 290, na hapo ndipo inapofanana na ile namba 300 inayotajwa katika kila duka la uchapaji. Kwa sentimita 50 unapata 174, kwa mita 1 unapata 87, kwa mita 2 unapata 44, na kwa mita 10 unapata 9 tu. Kwa kuwa wapo wenye macho makali kuliko hayo, na kwa kuwa watu husogea, zidisha jibu mara mbili pale unapoweza.

Kamera yetu ya pikseli 6,000 inatoa picha ya sentimita 52 kwa 35 itakayostahimili kuchunguzwa mkononi, au ya sentimita 175 kwa 117 ya kutazamwa kutoka mita 1. Simu ya megapikseli 12, yenye pikseli takriban 4,000 kwa 3,000, inatoa sentimita 35 kwa 26 mkononi na sentimita 117 kwa 88 kwa umbali wa mita 1. Bango la mita 12 kwa 4, likichapwa kwa pikseli 10 kwa inchi, linahitaji pikseli 4,724 kwa upande wake mrefu, kwa hiyo kamera ya kawaida inalitosha. Mchapaji anayekataa faili la bango kwa sababu halina pikseli 300 kwa inchi anatumia kanuni ya mkononi mahali pa kanuni ya barabarani. Mwonyeshe hesabu kwa upole.

Hatari kubwa zaidi ni faili lililopitia WhatsApp kwa njia ya kawaida, kwa sababu programu hiyo huipunguza picha ili isafiri haraka. Picha iliyobaki na pikseli 1,600 kwa upande mrefu inatosha posikadi, na ikikuzwa zaidi ya hapo huanza kulegea. Mwombe mwenye picha aitume kama dokumenti, au uichukue moja kwa moja kutoka kwenye kadi ya kamera.

Pikseli zikiwa chache na hakuna namna ya kupata nyingine, ikuze picha kwa njia inayolainisha, usiache miraba ionekane. Mwaka 1973 Leon Harmon na Bela Julesz wa Bell Laboratories, maabara ya utafiti ya Marekani, walionyesha kwamba uso uliochorwa kwa miraba mikubwa hautambuliki kwa sababu kingo za miraba yenyewe huufunika. Kingo hizo zikilainishwa, au mtazamaji akirudi nyuma au kukunja macho, uso unajitokeza, ingawa hakuna taarifa mpya iliyoongezwa. Picha iliyolainishwa, hata ikiwa na ukungu kidogo, itasomeka kutoka karibu zaidi kuliko ile yenye miraba.

Hatua ya nne: angalia nini kinabaki picha inapokuwa mbali

Katika picha ya Ngorongoro kuna nyati chini kwenye mbuga. Nyati mwenye urefu wa mita 2.5, akiwa kilomita 2 kutoka kwa mpiga picha, huacha alama ya milimita 0.03 kwenye kihisio, sawa na pikseli 5. Kwenye simu alama hiyo inakuwa chini kidogo ya milimita 0.09, ambayo kwa umbali wa sentimita 30 ndiyo kikomo cha jicho, hivyo kwa wengi nyati huyo hayupo. Kwenye picha ya mita 2 anakuwa na milimita 1.7, na mtu huanza kumwona kama nukta kutoka zaidi ya mita 5. Akisogea hadi mita 1 anatambua kwamba nukta zile ni kundi. Safari hiyo ya kusogea ndiyo raha ya picha kubwa ya mandhari, na haiwezi kuhamishiwa kwenye simu kwa ujanja wowote isipokuwa kukata kipande cha picha. Pikseli 5 ni chache kwa anayetaka kuona pembe za nyati. Mtu anayekusudia watazamaji wakaribie apige mandhari kwa vipande kadhaa vinavyopishana, kwa lenzi ndefu zaidi, kisha aviunganishe.

Jambo la kuelewa hapa ni kwamba jicho halipendi kila ukubwa wa alama kwa usawa. Huhisi zaidi michirizi na mabaka ambayo yanajirudia mara 3 hadi 5 ndani ya digrii moja ya pembe, na hupungukiwa na hisia kwa vitu vidogo kuliko hivyo na pia kwa vivuli vipana vinavyobadilika polepole. Kwa umbali wa sentimita 30 alama hizo zina upana wa takriban nusu milimita na zaidi kidogo: vinyweleo, nyuzi za khanga, mikunjo ya ngozi. Kwa umbali wa mita 3 zina zaidi ya nusu sentimita: nyusi, mdomo, kivuli cha pua. Mtafiti Aude Oliva wa MIT, chuo cha teknolojia cha Marekani, alitengeneza picha mashuhuri inayochanganya mistari myembamba ya uso wa Albert Einstein na vivuli laini vya uso wa Marilyn Monroe. Aliye karibu humwona Einstein, na akirudi nyuma mita kadhaa humwona Monroe. Kila picha ya kawaida ina tabaka hizo mbili, ila huwa zinakubaliana. Kazi yako ni kuhakikisha tabaka la mbali nalo linasema kile unachotaka kusema.

Fanya jaribio hili. Ipunguze picha hadi iwe na kimo cha sentimita 2 kwenye skrini na uitazame kutoka sentimita 30. Ndivyo picha ya sentimita 60 itakavyoonekana kutoka mita 9. Kama katika udogo huo huwezi kusema uso unaelekea wapi, au mpaka wa anga na ardhi uko wapi, basi picha haitamwita mtu kutoka upande wa pili wa chumba. Dawa yake ni kuongeza tofauti ya mwanga kati ya mada na kilicho nyuma yake, au kukata pembeni ili mada ijaze fremu zaidi. Kuongeza ukali hakutasaidia hapa, kwa sababu ukali unakaa kwenye tabaka la karibu.

Hatua ya tano: lenga na unoe kwa umbali huo

Majedwali yanayosema ni sehemu gani ya mandhari itaonekana kali mbele na nyuma ya kitu kilicholengwa hutegemea ukungu usiozidi takriban milimita 0.03 kwenye kihisio cha ukubwa huu, kipimo kilichochukuliwa kutoka kwenye picha ya sentimita 20 kwa 25 hivi inayotazamwa kutoka umbali wa kusomea. Ukiikuza picha zaidi na watu wakaruhusiwa kuisogelea, jedwali hilo halikufai tena. Punguza tundu la lenzi linalopitisha mwanga kwa hatua moja au mbili zaidi, ili sehemu kubwa zaidi ya mandhari iwe kali. Kwa upande mwingine, usihukumu ukali kwa kuikuza picha kwenye kompyuta hadi asilimia 100 na kukata tamaa. Kwenye skrini yenye pikseli 100 kwa inchi, asilimia 100 ya faili letu ni sawa na kuweka uso karibu na picha yenye upana wa mita 1.5. Kwa picha ya sebuleni, asilimia 25 hadi 50 inatosha kutoa hukumu ya haki.

Kunoa, yaani kuongeza ukali wa kingo kwa programu, kufanyike mwisho, baada ya kuweka saizi ya kuchapa, na kila matumizi yapate nakala yake. Kwa simu na posikadi, noa kwa mstari mwembamba wa pikseli moja au chini ya hapo. Kwa picha itakayotazamwa kutoka mita 3, panua mstari huo hadi milimita kadhaa za karatasi, hata kama kwenye skrini karibu na uso wako utaonekana umezidi.

Hatua ya sita: ijue nyenzo itakayobeba picha

Malalamiko ya kawaida kuliko yote katika studio ni kwamba picha imetoka giza. Kwa kawaida mashine haina kosa. Simu iliyowashwa mwanga wote hutoa mamia ya kandela (kipimo cha mng'ao) kwa mita ya mraba, ilhali karatasi haina mwanga wake na hurudisha tu ule unaoiangukia. Mtu aliyehariri picha kwenye skrini kali ameifanya iwe nyeusi kuliko alivyokusudia, kwa sababu skrini ilikuwa inamsaidia. Punguza mwanga wa skrini hadi kandela 80 hadi 120, au kwa njia rahisi zaidi, weka karatasi nyeupe kando ya skrini chini ya taa ya chumba na ushushe mwanga hadi ukurasa mtupu wa skrini ulingane na karatasi hiyo. Kisha hariri.

Kitu cha pili ni upana wa kontrasti, yaani ni mara ngapi sehemu nyeupe kabisa inaizidi mwanga ile nyeusi kabisa. Skrini ya kawaida ya kompyuta hufikia mara 1,000 ikiwa chumbani gizani, na skrini za OLED, ambazo kila nukta hujitolea mwanga wake, huzima kabisa nukta zilizo nyeusi. Karatasi inayong'aa hufikia mara 100 hadi 200, karatasi isiyong'aa mara 30 hadi 50, na gazeti mara 10 hivi. Picha ya bibi aliyevaa buibui jeusi kwenye kivuli itaonyesha mikunjo yote ya kitambaa kwenye simu. Kwenye karatasi isiyong'aa mikunjo hiyo itazama kama hukuiinua kwanza. Katika gazeti, chagua mapema ni kivuli gani kipotee, kwa sababu lazima kimoja kipotee. Sisemi karatasi isiyong'aa ni duni. Kwa nyuso inampa mtazamaji utulivu ambao karatasi ing'aayo, yenye kuakisi dirisha na taa, haiwezi kuutoa, na mimi huichagua kwa karibu kila picha ya mtu itakayokaa ukutani.

Rangi nazo zina mipaka. Buluu ya bahari ya Zanzibar wakati wa adhuhuri, kijani kikali cha majani machanga ya mpunga, na rangi ya chungwa ya machweo hukaa vizuri kwenye skrini, lakini wino wa samawati, majenta, manjano na nyeusi haufiki huko. Omba duka likupe wasifu wa rangi, yaani faili dogo linaloeleza rangi ambazo mashine na karatasi yake zinaweza kuzitoa, kisha uwashe kwenye programu yako uonyesho wa awali wa uchapaji, ili ushushe rangi hizo kwa mkono wako badala ya kuiachia mashine iamue.

Magazeti huchapwa kwa mistari ya nukta ipatayo 85 kwa inchi, na majarida mazuri 150. Pikseli mara moja na nusu hadi mbili za mistari hiyo zinatosha, kwa hiyo picha ya gazeti haihitaji zaidi ya pikseli 170 kwa inchi. Kitambaa cha turubai kina nyuzi zinazomeza alama ndogo, hivyo kinafaa picha za kutazamwa kutoka mita 2 na hakifai picha ya watu 40 ambao kila mmoja anataka kujiona. Projekta haina weusi wake yenyewe: eneo jeusi kuliko yote katika picha ni weupe wa ukuta kama ulivyo chumbani, na ndiyo maana kufunga pazia kunaiboresha picha kuliko kununua projekta ghali zaidi.

Picha yenye taa nyuma yake ni jambo la pekee. Kuanzia mwaka 1950 hadi 1990 kampuni ya Kodak ilionyesha katika kituo cha treni cha Grand Central, New York, picha za kung'arishwa kwa nyuma zenye upana wa mita 18 na kimo cha mita 5.5, zilizoonekana kutoka upande wa pili wa ukumbi juu ya vichwa vya wasafiri. Mwanga uliopita ndani ya filamu ulizipa weupe na rangi ambazo karatasi katika ukumbi ule isingeweza kuzitoa. Masanduku ya matangazo yenye taa ndani katika viwanja vya ndege na vituo vya mabasi hufuata mantiki hiyohiyo. Ukiandaa picha kwa ajili yake, usiinue vivuli kama unavyofanya kwa karatasi, taa itaviinua.

Hatua ya saba: panga mwanga na mazingira

Mwaka 1952 mtafiti wa rangi R. W. G. Hunt alieleza kwamba rangi zilezile huonekana kukolea zaidi mwanga unapoongezeka. Viwango vya kimataifa vya kukagua uchapaji hutumia mwanga mweupe wa kelvini 5,000 (kipimo cha rangi ya mwanga), wenye lux 2,000 (kipimo cha mwanga unaoangukia kitu) kwa ukaguzi makini na lux 500 kwa ukaguzi wa kawaida, ilhali sebule ya usiku yenye taa moja mara nyingi hubaki kwenye lux 100 au pungufu. Picha iliyopendeza kaunta ya duka itapooza nyumbani. Ama ongeza taa moja inayoielekea picha kutoka juu kwa pembe ya digrii 30 hivi, ama chapa picha iwe angavu kidogo kuliko unavyoona inafaa dukani.

Kilicho kando ya picha pia huibadilisha. Katika ukuta au chumba cheusi, jicho huona kontrasti imepungua, ndiyo sababu filamu za sinema na slaidi zilitengenezwa na kontrasti kubwa kuliko picha za karatasi. Katika mpaka mweupe mpana, vivuli huonekana vizito zaidi. Fremu ikiwa na kioo, usiitundike mkabala na dirisha, la sivyo mtazamaji atajiona yeye mwenyewe pale palipo na weusi.

Hatua ya nane: chapa kipande na ukijaribu mahali pake

Kabla ya kulipia picha kubwa, kata kipande cha sentimita 20 kwa 25 kutoka kwenye faili lililokwisha kuwekwa saizi kamili, chenye jicho la mada, kivuli kizito na sehemu moja angavu, kisha ukisafishe kwenye karatasi ileile itakayotumika. Kibandike ukutani, katikati ya picha ikiwa takriban sentimita 150 kutoka sakafuni kwa watu wanaosimama, au chini zaidi kwa chumba cha kukaa. Kitazame kutoka zile namba tatu ulizoandika mwanzo, mchana na usiku, na umwite mtu mwingine asiyejua ulichobadilisha aseme anachoona.

Ukiridhika, hifadhi faili la asili bila kulikata wala kulinoa, kisha tengeneza nakala kwa kila matumizi na uandike ndani ya jina la faili umbali, saizi na nyenzo, kwa mfano "ngorongoro_mita1.3_sm200_isiyongaa". Mteja akirudi mwaka unaofuata kuomba picha hiyo kwa ajili ya kalenda ya mezani, utajua papo hapo kwamba nakala ile haifai, na utaanza upya kutoka faili la asili kwa umbali wa sentimita 60.